Niliandika "Mizizi ya Porini"

Mwanzoni mwa Novemba 2018 niliwaondoa watoto wawili mikononi mwa bibi yao kwa sababu bibi alikuwa amekwenda kuteka maji. Wakati ule sikuliandika hivyo. Niliandika kwamba watoto wametelekezwa, nikatia sahihi, nikagonga muhuri, na hakimu akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye afisa ustawi wa jamii. Jalada lile lilibaki kabatini likimsema vibaya mama mtu mzima ambaye hakutenda kosa lolote. Aliyekosa ni mimi, na leo naungama.

Kijiji sitakitaja, wala halmashauri, kwa kulinda heshima ya bibi na wajukuu wake. Itoshe kusema kiko upande wa Newala, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na kuteremka kuelekea mto Ruvuma, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu unaiona Msumbiji ng'ambo. Mimi ni mzaliwa wa Masasi. Nimekulia chini ya mlima Mkomaindo, nikalelewa na bibi mzaa mama tangu nikiwa na miaka minne. Nalisema hili mapema ili msomaji asinipe udhuru wa ugeni. Mgeni angeweza kusema hakujua. Mimi nilijua yote, kisha nikayaweka kando nilipofungua fomu.

Siku ile nilipigiwa simu kwamba kuna watoto wanaachwa peke yao. Nilikuwa na pikipiki ya ofisi na mafuta ya kutosha kaya tatu, na kaya hii ilikuwa ya kwanza. Nilifika saa nne asubuhi. Nilimkuta msichana wa miaka tisa, amembeba mgongoni mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu, kamfunga kwa kanga iliyofifia. Ilikuwa siku ya shule na hakwenda shule.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Kaenda bondeni."

"Mama?"

"Dar."

"Baba?"

Akatazama chini.

Nilichungulia ndani. Chumba kimoja, mkeka, ndoo mbili tupu, ukuta wa udongo uliochorwachorwa kwa mkaa. Nje, juu ya mafiga, kulikuwa na sufuria iliyofunikwa. Nilifunua. Jirani mmoja alisimama kwenye ua wake akiniita, "Baba, karibu huku, njoo uulize huku!" Nilimpungia mkono nikaona ni mdadisi tu. Nusu saa haikutimia, nikawa nimepanda pikipiki kuwahi kaya ya pili.

Jioni nilijaza taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Mlezi: hayupo, watoto wako peke yao. Kipato cha kaya: hakuna. Mazingira: duni, kuta chafu zenye michoro ya mkaa. Mawasiliano ya mzazi: hayapatikani. Chakula: hakuna, isipokuwa mizizi ya porini.

Mizizi ya porini. Ndani ya sufuria ile kulikuwa na ming'oko. Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa ming'oko. Inachimbwa msituni wakati wa kiangazi, inachemshwa kwa chumvi, inamenywa kwa vidole na kuliwa ikiwa ya moto. Bibi yangu alinilisha hiyo, na akipata mingi aliuza fungu sokoni akaninunulia daftari. Nimeila mpaka nimekwenda chuo. Lakini mkono ulioshika kalamu jioni ile haukuandika ming'oko. Uliandika kama mtu anayeeleza chakula cha wanyama, na kwa maneno matatu nikaifanya kaya iliyopika ionekane kaya yenye njaa.

Na "bondeni" je? Kila aliyelelewa huku anajua maana yake. Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha, ardhi inaimeza, na maji yanakuja kutokeza chini kabisa, kwenye mabonde. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maji ya uwanda huu yanasukumwa kwa mashine kutoka bonde la Kitangari, kwenye chanzo cha Mitema, yapande mlima ndipo yawafikie watu. Bomba likikauka, anayeweza ananunua ndoo kwa wauzaji wa baiskeli, na asiyeweza anashuka bondeni kwa miguu. Wenye bati na uwezo huchimba kisima cha saruji chini ya paa wakavuna mvua. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi. Novemba mvua bado. Alitoka alfajiri, akarudi saa sita na ndoo moja kichwani, nami nilishaondoka zamani. Mtoto alinijibu jibu kamili: bibi kaenda kutafuta maji. Nililisikia, nikaliacha, nikaandika "hayupo".

Sasa niseme kwa nini, maana hili ndilo linalonichoma zaidi. Wiki tatu kabla ya siku ile, mtoto mmoja katika kata nyingine aliungua moto akiwa ameachwa peke yake nyumbani. Katika kikao tuliulizwa swali moja tu: Ustawi mlikuwa wapi? Hakuna aliyeuliza kata ile ina maafisa wangapi, wala pikipiki ilipata mafuta lini. Nilitoka mle ndani nimeapa kwamba mimi halitanikuta. Kwa hiyo nilipomwona msichana yule na mdogo wake mgongoni, sikuwaona wao. Nilijiona mimi nikisimama kwenye kikao kingine nikijibu. Niliogopa kwa ajili yangu, nikaandika kwa jina la maslahi bora ya mtoto.

Hofu hii haiko kwetu peke yetu. Mtoto Peter alifariki London mwaka 2007 kwa mateso ya nyumbani, na habari zake zilipozagaa Novemba 2008, lawama ziliwaangukia watu wa ustawi. Baada ya hapo maombi ya kuwaondoa watoto kwa wazazi, yanayopelekwa mahakamani huko Uingereza, yaliongezeka kwa kasi. Nimelisoma hilo nikajitambua. Afisa anayeogopa kulaumiwa kwa mtoto aliyeachwa, atamwondoa hata yule ambaye hakupaswa kuguswa, kwa sababu kuondoa kunaandikika na kunaonekana kuwa kazi. Kubaki na familia, kurudi mara tatu, kukaa kwenye kigoda na kusikiliza, hakuonekani popote kwenye taarifa ya robo mwaka.

Siku ya kuwachukua tulikuja na gari. Bibi alikuwepo. Kwetu huku mtu mwenye karatasi na kalamu akija kijijini, mara nyingi amekuja kuandikisha kaya kwa ajili ya msaada, naye alidhani ndilo lililonileta mara ya kwanza na ndilo linalonirudisha. Nilimwambia watoto wanakwenda mahali watakapopata chakula na shule. Alimwogesha yule mdogo kwa maji ya kibuyu kizima, maji aliyoyafuata bondeni, akamvalisha shati la Idi. Akanipa mfuko wa korosho alizobangua mwenyewe. Akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akulipe." Nilipokea. Watoto nao wakapanda gari wakijua wanakwenda kutembea.

Makao ya watoto tuliyowapeleka hayakupokea watoto wa chini ya miaka mitano. Mdogo akapelekwa makao mengine, mji mwingine. Msichana aliyembeba mgongoni kila siku alishushwa geti la kwanza, na gari likaendelea na mdogo wake. Nilikuwa kiti cha mbele. Nilimsikia akilia, sikugeuka.

Mahakamani niliulizwa kama kuna ndugu mwingine. Nilijibu kwamba baba hajulikani alipo na mama yuko Dar es Salaam. Jibu hilo lilikuwa la mtu asiyejua Umakonde, ilhali mimi naujua. Ukoo huku kwa asili unafuata mama. Mtoto ana mjomba, na mjomba ndiye mwenye kauli. Swali la kwanza katika kaya yoyote ya Mmakonde, Mmakua au Myao ni "Mjomba wao nani?" Fomu yangu haikuwa na mstari wa mjomba, nami sikuuongeza.

Mjomba alikuja mwenyewe. Wiki ya pili alifika ofisini kutoka Masasi, fundi mwashi, saruji imekauka kwenye kucha, kavaa kanzu na kofia kama anayekwenda msibani. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita. Alipoingia alisalimia, akasema, "Mimi ndiye mjomba wa wale watoto. Nimekuja kuwachukua." Nilimwambia amri ya mahakama imeshatoka, akalete barua ya mtendaji, na tutapanga siku ya kukagua makazi yake. Akauliza, "Kwani mlipowachukua mlikagua wapi?" Sikuwa na jibu, nikamwambia ofisi inafunga mchana. Huyu ndiye ambaye taratibu zetu zinamwita familia ya kuaminika, na zinatutaka tumtafute kwa miguu kabla ya kuwaza makao. Alitufuata mwenyewe, nikamrudisha.

Mama wa watoto alifika Desemba. Alikuwa dada wa kazi Dar es Salaam, analea mtoto wa watu. Jirani alimpigia siku ileile, lakini mwajiri hakumruhusu mpaka apatikane mwingine wa kumshika mtoto. Alipoondoka bila ruhusa, alipoteza kazi. Nimelifikiria sana hilo: mwanamke anayelipwa kulea watoto wa wenzake, huku wake wameondolewa kwa kosa la kukosa mlezi. Alisimama mbele ya meza yangu akaniuliza, "Kaka, mbona hukunipigia?"

"Sikuwa na namba yako."

"Namba yangu iko ukutani."

Sikumwelewa. Akarudia taratibu, kama anayemwelekeza mtoto. Aliiandika kwa mkaa pembeni ya mlango siku aliyoondoka, tarakimu kubwa, kwa sababu bibi hana simu, na ikitokea shida atamwita yeyote mwenye simu asome ukuta. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa na bado sikwenda kuangalia, mpaka Julai 2019 tulipowarudisha watoto. Nilikuta namba iko vilevile, bali nyeusi zaidi. Bibi alikuwa akiipitia juu yake kwa mkaa mpya kila ilipoanza kufutika. Hajui kusoma. Alifuata umbo la kila tarakimu kwa kidole miezi yote ile. Na mimi niliandika "kuta chafu zenye michoro".

Msomaji atauliza: mama alikuja Desemba, ilikuwaje watoto warudi Julai? Hapa pana kosa la pili, na ni baya kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa haraka na hofu. La pili nililifanya nikijua. Ili watoto warudi ilinipasa kuandika taarifa mpya, na taarifa mpya ingesema kwamba ya zamani haikuwa kweli. Nililikwepa hilo kwa miezi saba. Niliomba nyaraka. Niliahirisha ukaguzi. Niliandika "ufuatiliaji unaendelea" pale ambapo hapakuwa na ufuatiliaji wowote. Kila mwezi niliochelewa ulikuwa mwezi wa watoto wale, wala si wangu.

Kuhusu kipato nilichoandika "hakuna", nacho nikieleze. Bibi alikuwa na magunia mawili ya korosho, yako kwenye ghala la chama cha msingi, amepewa stakabadhi. Msimu ule wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei ya mnada mwezi wa Oktoba, na korosho zikakaa. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazibeba. Kisha ukaja uhakiki wa kuwabaini walanguzi wa korosho, waitwao kangomba, na wakulima wengi wakasubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Karibu uwanda mzima haukuwa na fedha mkononi. Kama kukosa fedha Novemba ile kulikuwa kutelekeza watoto, ilinipasa kukodi mabasi niwabebe watoto wote kuanzia Newala hadi Tandahimba. Bibi alikuwa mkulima anayesubiri malipo yake, kama wengine wote.

Mwaka 2009 nchi yetu ilitunga Sheria ya Mtoto. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wake kuhusu malezi mbadala, unaosema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake, bali uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji msaada. Maneno hayo niliyasoma chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, nikafaulu. Gharama ya kuwatunza watoto wawili makao kwa miezi minane ingeweka bati juu ya nyumba ile na simtanki pembeni yake, na msichana angekwenda shule siku ya maji. Kulikuwa na mjomba wa kuitwa, mama wa kupigiwa, jirani wa kuulizwa, na mkutano wa kijiji wa kuwaombea nafasi katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Nililoliruka ndilo ambalo lingetosha.

Tena sikumwuliza bibi hali yake yeye. Mwanamke aliyevuka miaka sitini, anapanda mlima na ndoo kichwani, magoti yamevimba. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na mtu wa kuileta mlangoni kwake nilikuwa mimi. Nilimtazama kama mlezi aliyeshindwa. Sikumwona kama mzee anayehitaji kutunzwa, ambaye hata hivyo alikuwa anatunza.

Watoto walirudi, lakini hawakurudi walivyoondoka. Yule mdogo alimkimbia bibi. Alijificha nyuma ya mlezi wa makao aliyetusindikiza, akimwita mama. Chimakonde alichokuwa akianza kutamka kilikuwa kimemtoka, na bibi Kiswahili chake ni cha shida, kwa hiyo walikaa siku kadhaa nyumba moja bila kuelewana. Msichana alirudishwa darasa. Jirani, yule niliyempungia mkono, ndiye aliyenisimulia jambo ambalo silisahau: kila msichana yule akisikia mlio wa pikipiki barabarani, humnyakua mdogo wake, akaingia naye kwenye mikorosho, na hatoki mpaka mlio upotee. Tangu siku hiyo pikipiki naiacha kwa mwenyekiti wa kitongoji, naingia kwenye nyumba za watu kwa miguu. Nawasihi wenzangu wa kazi hii wafanye hivyo. Hatujui ni mtoto gani amejificha kwa ajili yetu.

Nilirudi kuomba radhi mwaka mmoja baadaye, peke yangu, bila fomu. Nilipiga hodi, nikamwamkia bibi shikamoo, nikakaa chini. Nilimweleza yote: hofu yangu, kikao, mjomba niliyemrudisha, miezi saba ya kujificha nyuma ya nyaraka. Jirani alitafsiri nilipokwama. Nilidhani atanifukuza, au atalia, au atasema yamekwisha. Alikaa kimya muda mrefu akimenya muhogo. Kisha akauliza, "Yale maandishi bado yapo?"

Nikamwambia yapo, yamo kwenye jalada.

"Nisomee."

Nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno. Nilimsomea: hayupo, hakuna, kuta chafu, mizizi ya porini. Pale kwenye mizizi jirani alisita kutafsiri, akanitazama, kisha akasema tu "ming'oko". Bibi akatikisa kichwa. Hakutaka fidia. Alitaka jambo moja, akalisema mara mbili ili lisipotee njiani: niandike alikuwa amekwenda wapi. Kwamba siku mjukuu wake akikua, akaenda kulifungua jalada, asisome kwamba bibi yake alimtupa.

Kesho yake nililitoa jalada kabatini. Halina fomu ya kuomba radhi, kwa hiyo nilichukua karatasi tupu. Nikaandika tarehe, jina langu kamili na cheo changu, na kwamba taarifa ya Novemba 2018 si ya kweli na makosa ni yangu mwenyewe. Nikaandika namba ya ukutani ilikuwa ya nani. Nikaandika mjomba alikuwepo. Nikaandika ming'oko. Na juu kabisa, mahali ambapo msomaji wa jalada hutupa jicho kwanza, niliandika alivyoniagiza: Bibi alikuwa amekwenda bondeni kuteka maji ya wajukuu wake.